Ukikutana na kocha wa soka ugenini: maandalizi yanaanzia Tanga

Mwongozo huu ni wa wanaofundisha vijana kwenye viwanja vya Tanga, wazazi wenye kijana anayecheza, na wafanyabiashara wa Ngamiani wanaokwenda Dubai, Guangzhou na Istanbul, kisha wanarudi na picha: "Huyu kocha nilimkuta uwanja wa ndege." Picha si mbaya. Ila kocha uliyemkuta kwa bahati ana dakika mbili za kukupa, na ndani ya dakika hizo hawezi kumsajili mtu, hawezi kuahidi majaribio, wala hawezi kukaa kutazama video. Anachoweza ni kukwambia nani kwenye klabu yake anapokea taarifa za vijana, na zitumwe wapi. Omba hicho.

Anayeamua ni nani

Wengi hudhani kocha mkuu ndiye anayenunua wachezaji. Uingereza jina la meneja bado lina uzito wa aina hiyo, lakini klabu nyingi za Ulaya siku hizi zimegawa kazi. Kocha mkuu anafundisha na kupanga kikosi, mkurugenzi wa michezo anashika usajili, chini yake yuko mkuu wa maskauti, yaani wasaka wachezaji, na vijana wako kwa mkuu wa akademia. Ukimwambia kocha mkuu "mchukue kijana wetu", umemwomba kitu kisichokuwa mikononi mwake, naye atakujibu kwa tabasamu. Ukimuuliza "kwenu nani anashughulika na vijana wa miaka 18 hadi 20 wanaotoka Afrika?", umemuuliza jambo analolijua na lisilomgharimu kitu. Klabu za Kaskazini mwa Afrika zina utaratibu wake: mara nyingi rais wa klabu ndiye mwenye neno la mwisho, kocha akiwa na sauti kubwa pembeni yake.

Ieleweke pia kwamba kukutana na kocha hakujawahi kuchukua nafasi ya mechi. Mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alikwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, mwaka 2011 baada ya Simba kukutana na timu hiyo kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Walimwona uwanjani, akiwa dhidi yao. Kutoka Lubumbashi akaenda Genk ya Ubelgiji, Januari 2016. Mkutano wa safarini kazi yake ni moja tu, kufanya barua yako isomwe na mtu badala ya kupotelea kwenye sanduku la baruapepe la klabu. Kama hakuna mechi nyuma ya barua hiyo, umepoteza bando.

Karatasi kwanza

Kabla ya video, weka karatasi sawa. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, pasipoti, namba ya NIDA kwa aliyefikisha umri, na usajili wa TFF, shirikisho la soka la Tanzania: vyote viwe na jina lile lile, herufi kwa herufi, na tarehe ile ile ya kuzaliwa. Hapa Tanga ndipo mambo mengi yanapokwama. Cheti kinasema Khamis, shule imeandika Hamisi, leseni ya mchezaji inasema Hamis. Huku nyumbani hakuna anayeshangaa, wote tunajua ni mtoto yule yule. Mtu wa usajili kwenye klabu ya Ubelgiji anaona watu watatu. Marekebisho ya jina huchukua muda, kwa hiyo yaanze kabla hamjamtafuta mtu yeyote, si baada ya mwaliko kufika.

Umri usiguswe kabisa. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, nayo hukitumia. Serengeti Boys wenyewe, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, walikwenda fainali za Afrika za Gabon mwaka 2017 kwa sababu Congo-Brazzaville waliondolewa kwa suala la umri wa mchezaji wao. Kijana aliyepunguziwa miaka miwili Makorora anaweza kupita ligi zote za wilaya na mkoa, akaja kunaswa na mashine siku ile ambayo jina lake limeanza kutajwa.

Kisha kuna usajili wa klabu. Kituo kinachofundisha watoto bila kuwasajili kupitia chama cha soka cha wilaya na mkoa kinajinyima haki yake. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa na kuigawa kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu mwaka wa kutimiza umri wa miaka 12 hadi ule wa kutimiza 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka kati ya umri wa miaka 12 na 15, na 0.5 kwa kila mwaka kati ya umri wa miaka 16 na 23. Klabu ya Tanga iliyokuwa na kijana katika miaka aliyotimiza umri wa 16, 17 na 18, akija kuuzwa kwa euro 1,000,000, stahiki yake ni euro 15,000. Hulipwa kwa kumbukumbu za usajili. Ushahidi wa majirani kwamba "tulikuwa tunamwona pale Tangamano kila jioni" hauna kazi.

Mwisho wa karatasi: kama kijana ana mkataba na Coastal Union, African Sports au klabu nyingine yoyote, wewe huna ruhusa ya kumtembeza. Mchezaji wa kulipwa anaweza kusaini na klabu nyingine mkataba wake ukiwa umekwisha au ukiwa umebakiza miezi 6 au chini ya hapo. Kabla ya hapo klabu inayomtaka inapaswa kuiandikia klabu yake. Ukimnadi mbele ya kocha wa nje huku ana miaka miwili ya mkataba, unamtia kijana kwenye kesi.

Video inayotazamwa

Unahitaji video mbili. Ya kwanza ni fupi, dakika 3 hadi 4. Ya pili ni mechi nzima ya dakika 90 isiyokatwa. Skauti hutazama fupi ili kuamua kama atafungua ndefu, na uamuzi wake wa kweli unatoka kwenye ile ndefu. Vituo vingi hutuma fupi peke yake, imejaa mabao na muziki wa singeli, kisha vinasubiri simu. Mabao kumi dhidi ya timu ambayo skauti haijui hayamwambii kitu. Anachotafuta ni kijana anafanya nini mpira ukiwa upande wa pili, anageuza kichwa mara ngapi kabla ya kupokea, akipoteza mpira anarudi au anashika kiuno.

Kupiga video kwa simu kunatosha kabisa, kwa masharti. Simu ilale, isisimame. Ikae juu, mita 3 hadi 5 kutoka ardhini, usawa wa mstari wa kati. Mkwakwani kuna jukwaa, lakini kwenye viwanja vya mtaani panda nyuma ya Canter au ukuta imara. Jua liwe mgongoni mwako. Mechi zetu nyingi ni za saa kumi jioni, ukikaa upande wa mashariki ukielekea magharibi utapata vivuli vinavyokimbia. Futa lenzi kila baada ya dakika kadhaa, maana upepo wa bahari huacha utando wa chumvi ambao kwenye kioo kidogo cha simu hauonekani, ukija kuonekana kwenye kompyuta mechi imeshakwisha. Tumia stendi ya miguu mitatu. Usifukuzane na mpira kwa kuvuta picha karibu. Picha ionyeshe eneo la uwanja lenye upana wa mita 30 hadi 40 ili watu wasio na mpira waonekane. Weka simu kwenye hali ya ndege, la sivyo simu ya shangazi itakata rekodi dakika ya 37. Mechi nzima kwa ubora wa 1080p hula kati ya gigabaiti 6 na 12, hivyo ondoa vitu vingine kwanza, na uwe na pawabenki.

Ile fupi ianze na ukurasa mmoja wa maandishi wa sekunde 5: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, urefu, nafasi, mguu anaoutumia, klabu. Halafu vipande 12 hadi 15. Kabla ya kila kipande simamisha picha sekunde moja na mzungushie mchezaji duara, kwa sababu jezi zetu hupauka na namba hazisomeki. Weka vipande viwili au vitatu vya kazi isiyo na shangwe, kama vile kufunga njia ya pasi, kurudi kumsaidia beki, au kupoteza mpira na kuufuata. Beki wa pembeni aonyeshwe akishambuliwa moja kwa moja. Kipa aonyeshwe krosi na mipira ya miguuni, si kuruka tu. Muziki toa.

Pandisha zote mbili YouTube kwa mpangilio wa kuonekana na mwenye kiungo tu. Jaribu kiungo kwenye simu ya mtu mwingine ambayo haijaingia kwenye akaunti yako. Makosa ya hapa ni mengi, mtu anatuma kiungo kimefungwa, na hakuna skauti atakayekuandikia kukuomba ukifungue. Ukilazimika kutuma kwa WhatsApp, tuma kama faili la hati, si kama video ya kawaida, maana video ya kawaida hubanwa ubora hadi mchezaji anakuwa ukungu.

Kadi ya mfukoni

Steshenari yoyote pale mjini itakuchapishia kadi za ukubwa wa kadi ya biashara kwenye karatasi ngumu. Upande mmoja jina lako, kazi yako kwenye klabu, Tanga, Tanzania, namba ya WhatsApp ikianza na +255, na baruapepe. Upande wa pili msimbo wa QR unaofungua ukurasa mmoja wenye wachezaji wawili au watatu, si kumi na tano. Anayeleta wachezaji kumi na tano amesema hajui yupi ni yupi. Chapa ishirini, weka tano kwenye pochi na nyingine kwenye begi la mkononi. Usibebe vyeti halisi vya watoto wa watu, wala flashi. Klabu haziingizi flashi ya mtu wasiyemjua kwenye kompyuta zao, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto hakikabidhiwi kwenye foleni ya kahawa.

Wapi, na wakati gani

Bahati hii ina majira yake. Mechi za klabu za CAF mara nyingi huchezwa Ijumaa hadi Jumapili, kwa hiyo misafara hupita viwanja vya ndege Jumanne hadi Alhamisi na kurudi Jumapili usiku au Jumatatu. Makocha wa timu za taifa hutembea majira ya mechi za FIFA: Machi, Juni, na kati ya Septemba na Novemba. Kuanzia 2026 kipindi cha Septemba na kile cha Oktoba vimeunganishwa kuwa kimoja kirefu. Januari timu nyingi za Ulaya Mashariki na Ujerumani huweka kambi Antalya na Belek, Uturuki, na Waswahili wanaofuata nguo Istanbul wakipanda ndege za ndani hukutana zaidi na wachezaji waliovaa suti za mazoezi kuliko watalii.

Karibu zaidi na nyumbani ni Mombasa. Ukivuka mpaka wa Horohoro kwenda harusini, Bandari FC wako Mbaraki, na kocha wa ligi ya Kenya anafikika kwa urahisi mara mia kuliko wa Ulaya. Watu wanamdharau kwa sababu hana picha gazetini, na sisi tunaona hilo ni kosa. Kocha huyo anaweza kuja Tanga kwa basi kumwona kijana wako. Nao wenye ndugu Muscat wakumbuke kwamba ligi za Ghuba zimejaa makocha wa Tunisia, Morocco, Serbia na Brazil wanaohama klabu kila baada ya muda mfupi, na leo yuko Oman, kesho yuko Dar es Salaam. Nasreddine Nabi, Mtunisia aliyeifundisha Yanga hadi 2023, akaenda AS FAR ya Morocco, kisha Kaizer Chiefs. Kocha wa namna hiyo hubeba majina kichwani kutoka nchi hadi nchi.

Mwaka 2027 AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja Kenya, Tanzania na Uganda, kwa hiyo makocha na maskauti watakuwa mlangoni kwetu. Kadi na video za leo zitafaa na hapo.

Kumtambua, na kumwacha

Usimvamie mtu kwa kufananisha. Pita, kaa pembeni, tafuta picha yake ya karibuni kwenye simu, linganisha. Ukiona suti ya mazoezi yenye herufi mbili za mwanzo za jina kifuani, huyo ni wa msafara, ama mchezaji ama benchi la ufundi, na kabla ya kumfuata bosi mtazame mwenye herufi zisizojulikana: kocha msaidizi, kocha wa makipa, mchambuzi wa video. Hawa hawaandamwi na mashabiki na wana muda. Mchambuzi wa video hasa ni wa kuthaminiwa, kwa sababu ndiye mwenye kompyuta.

Mwache kabisa akiwa anakula, anazungumza na simu, amelala, yuko na watoto wake, au timu yake imetoka kufungwa usiku ule. Mwache pia kwenye mstari wa uhamiaji na ukaguzi, ambako hata wewe huna utulivu. Na ukimkuta Makka ndani ya ihramu, mtolee salamu kama Mwislamu mwenzako na umwache na ibada yake, kadi ibaki mfukoni. Mahali pazuri ni baada ya ukaguzi, karibu na geti la kupandia ndege, abiria wakiwa wameketi na saa ya kuondoka bado. Hotelini, subiri atoke kwenye chumba cha chai ya asubuhi, usimfuate mezani.

Dakika mbili zenyewe

Mjie kwa mbele, akuone. Simama hatua mbili pembeni, mikono ionekane, simu iwe mfukoni. Salamu zetu za Tanga, za kuulizana hali, watoto, kazi, mvua na mkono umeshikwa muda wote, hapa hazifai. Mkono mfupi, tena kama yeye ameunyoosha.

Namna ya kumwita: kwa Kiingereza "coach" latosha, na Mfaransa naye huliitikia ukitanguliza "bonjour". Wahispania, Waitaliano na Wareno humwita kocha "mister". Kwa Mmisri, "kabtin". Kwa yeyote wa Maghrebu, assalamu alaykum hufungua uso wake mara moja, ila usigeuze ufunguo huo kuwa deni.

Kisha sentensi tatu, ulizokwisha kuzifanyia mazoezi nyumbani kwa lugha utakayoitumia, kwa sauti, mpaka zitoke bila kufikiri:

"Samahani kocha, sitakuchukulia muda. Mimi ninafundisha vijana chini ya miaka 20 Tanga, pwani ya Tanzania."

"Tuliona mlivyowaingiza mabeki wa pembeni katikati ya uwanja msimu huu, tunajaribu kuwafundisha vijana wetu hivyo."

"Ningependa kujua, kwenye klabu yenu nani anapokea video za vijana, na nimwandikie wapi?"

Ya kwanza inamwambia wewe si tapeli wala mwandishi wa habari. Ya pili inamwambia unatazama mpira, kwa hiyo iwe kweli na iwe jambo moja la kazi yake. "Wewe ni kocha bora duniani" anaisikia kila siku. Kama hujui kitu kuhusu timu yake, iruke kabisa, kwa sababu akikuuliza swali la pili utaumbuka. Ya tatu ndiyo uliyoijia. Jumla ni sekunde 30 hadi 40. Baada ya hapo nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi: kocha anafikiri jina la kukupa, wewe unajaza kimya kwa habari za kijana mwenye kasi kama umeme.

Akikupa jina, mwombe akuandikie au akuthibitishie herufi. Akisema "muulize msaidizi wangu yule pale", usidhani amekufukuza, amekupa zaidi ya ulichoomba. Akikupa kadi, isome mbele yake kabla ya kuiweka. Akisema hapana, au akaonyesha amechoka, "asante kocha, safari njema" na uondoke. Mpe kadi yako mwishoni, si mwanzoni.

Akiwa na nafasi na anaendelea kuzungumza, basi muulize la ufundi badala ya kumwomba tena. "Kwa kijana wa miaka 15 anayecheza kiungo, ungefundisha nini kwanza?" Makocha hupenda swali hili kuliko yote, na jibu lake litakufaa kwenye mazoezi ya Jumatatu hata kama klabu yake haitajibu barua milele.

Usiulize habari za usajili, mshahara, nani atapangwa, wala Simba na Yanga nani mkubwa. Usimpe chakula. Halua ya Tanga ni nzuri, lakini watu wa msafara wa timu hawali vya mtu wasiyemjua kwa sababu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa, na machungwa ya Muheza yataishia kwenye pipa la forodha. Usimpe bahasha wala zawadi yenye thamani, maana utamtia mashakani yeye na wewe.

Picha, ukitaka

Iombe baada ya kupata jina, kamwe si kabla. Picha ikishapigwa, kwa watu wengi hiyo ni alama kwamba mazungumzo yamekwisha. Fungua kamera kabla ya kuomba. Watoto na mwenzi wake wasiingie. Usirushe mubashara, na usiiweke mtandaoni mpaka ndege yake imeondoka, kwa sababu ukitangaza yuko wapi umemletea umati. Na usiandike chini yake "tuko kwenye mazungumzo". Maneno hayo yameua barua nyingi kabla hazijasomwa, kwa kuwa klabu hutafuta jina lako mtandaoni kabla ya kukujibu.

Saa arobaini na nane baadaye

Andika kila ulichoambiwa ndani ya dakika tano, kwenye simu, na tahajia ya majina. Baruapepe itoke ndani ya siku mbili, ikiwa fupi. Kichwa chake kiseme kila kitu: nafasi, mwaka wa kuzaliwa, mguu, Tanga. Kwa mfano "Beki wa kushoto, 2007, mguu wa kushoto, Tanga, Tanzania", kwa lugha ya klabu. Ndani: nani alikuelekeza, wapi na lini, mchezaji mmoja, hali ya mkataba wake na tarehe unapoisha, viungo viwili vya video, jina la klabu yake na kiongozi wa kuwasiliana naye. Mistari minane yatosha. Usiambatanishe vyeti. Usiseme "kocha ameahidi". Sema "kocha alinielekeza kwako", kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa na yule mtu atamuuliza.

Kimya kikizidi siku 14, kumbusha mara moja, kwa mechi mpya. Msimu mpya ukianza, mara moja tena. Kisha acha. Epuka wiki ya mwisho ya Januari na ya mwisho ya Agosti, madirisha ya usajili ya Ulaya yanapofungwa na hakuna anayesoma kitu.

Chini ya miaka 18, pole pole

Kanuni ya FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika hali chache zenye masharti. Mmojawapo ni mtoto ambaye wazazi wamehama nchi kwa sababu zisizohusu soka. Mwingine ni wa mpakani: nyumbani na klabu vyote viwe ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka, na kati yao isizidi kilomita 100, huku mtoto akiendelea kuishi kwao. Watu wa Tanga huuliza sana kuhusu Mombasa. Jibu ni kwamba Mombasa imezidi umbali huo, hata kwa mtoto wa Horohoro yenyewe. Mshambuliaji wetu Kelvin John alisoma Uingereza kwanza, akajiunga na Genk mwaka 2021 alipotimiza miaka 18. Kwa hiyo mtu anayetaka kumpeleka kijana wa miaka 15 "akademia ya Ulaya" mwezi ujao, na wazazi wabaki Duga, ama hajui kanuni ama anaijua vizuri sana.

Mwaliko ukija

Hapa ndipo pesa za watu huliwa. Klabu ya kweli haimtozi mchezaji ada ya majaribio. Haimtumi alipie viza kwa namba ya simu ya mtu. Cheti cha uhamisho wa kimataifa, ile ITC, huombwa na shirikisho la nchi anayokwenda kupitia mfumo wa FIFA na hutolewa bure, kwa hiyo anayekudai "pesa ya ITC" anakuibia. Baruapepe iwe na anwani ya klabu, si ya bure inayofunguliwa na yeyote. Kisha piga simu kwenye klabu kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, si iliyo kwenye barua uliyotumiwa, umtaje aliyesaini na tarehe ya barua. Tapeli huandika barua nzuri kuliko klabu, mihuri mitatu na sahihi ya rangi ya buluu. Ya klabu mara nyingi ni ukurasa mmoja mkavu wenye tarehe za majaribio, anayelipa tiketi na malazi, na jina la mtu wa kupokea.

Akiingia wakala, tangu 2023 kanuni zinamtaka awe na leseni ya FIFA, ambayo wengi huipata kwa mtihani. Tafuta jina lake kwenye orodha ya mawakala kwenye tovuti ya FIFA, na lisipokuwepo mazungumzo yaishie hapo. Akiwa na kijana mdogo, hata mwenye leseni haruhusiwi kumkaribia mapema: ni ndani ya miezi 6 kabla ya umri wa kusaini mkataba wa kulipwa katika nchi husika, na kwa idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi.

Kabla ya safari, barua ya mwaliko ipite kwa klabu ya kijana na kwa TFF, mzazi awe na nakala, tiketi iwe ya kwenda na kurudi, na bima ya afya iseme wazi kwamba inalipia majeraha ya mchezo, kwa sababu bima nyingi za wasafiri hazilipi goti lililovunjika uwanjani. Kijana abebe namba ya ubalozi wa Tanzania wa nchi hiyo kwenye karatasi, si kwenye simu tu, na pasipoti yake asimkabidhi mtu yeyote akishafika. Klabu itataka kuipiga nakala. Aisubiri pale pale mezani irudi mkononi mwake.